Mia Tano Ambazo Sikuzihesabu

Tangu turudi nimeulizwa safari ilikuwa aje, na nimejibu "poa tu" mpaka nimechoka kujisikia. Chebet ndiye aliniambia, kama huwezi kusema si uandike, wewe ndio hushinda na kalamu. Kwa hivyo hii ni yenu, nyinyi marafiki zangu wa Kimumu mliotupatia sweta na shuka ya njiani, na mnajua tulienda kwa nyanya Taita lakini hamjui kwa nini mimi siku hizi nanyamaza. Mambo ya tiketi nitaruka. Nataka kuanzia kwa ploti yetu ya nyumba za kupanga, Munyaka hapa Eldoret, kwa sababu hapo ndipo niliharibu, hata kabla tutoke.

Munyaka, kuzunguka ploti

Wengi wenu mlimjua Baba akiwa mzima. Alikuja Eldoret kutoka Taita akiwa kijana kufanya kazi kiwanda cha nguo, akaoa Mama wa Kakamega, akakaa. Mnakumbuka venye alikuwa anatembea. Ukiwa ndani ya nyumba ungejua ni yeye kabla hajafika geti, kiatu chake kilikuwa kinagonga chini kama mtu ako na haraka ya kukuambia kitu.

Halafu stroke ikampiga. Upande wa kushoto ukakufa, ulimi ukawa mzito, na kitu kingine kidogo ambacho watu hawakuona: akili yake haikuweza tena kufanya mambo mawili pamoja. Akiinua mguu hawezi kuhesabu. Akihesabu, mguu unalala.

Yule mama wa mazoezi pale hospitali alimwambia, "Mzee, kila siku ongeza hatua mbili. Mbili tu. Ukiongeza kumi, mguu utakataa na roho pia itakataa." Siku ya kwanza alitembea sita, kutoka kitanda hadi mlango. Nilikuwa nimemaliza form four, nakaa tu nikingojea kujua nitajiunga na chuo gani, kwa hivyo kazi ya kuhesabu ikawa yangu. Nilinunua daftari ndogo ya rangi ya bluu. Asubuhi na jioni Baba anazunguka ploti, mimi nyuma yake. Barabarani hakutaka, aliogopa macho ya watu. Akichoka anashika ukuta wa choo ama kamba ya nguo, anauliza, "Mghoi, ngapi?" Namwambia. Naandika.

Sita, nane, kumi. Kumi na mbili. Hiyo miezi ya kwanza niliandika kweli tupu. Ukifungua daftari utaona wino umebadilika, siku zingine penseli, siku moja kuna alama ya maji ya mvua.

Sasa nyanya. Nyanya ni mama yake Baba, ni mzee sana, na macho yameingia ukungu haoni. Kule mlimani kuna mtu alimwambia kwamba mwanawe alikufa zamani na watoto wanamficha. Tukampigia simu Baba aongee naye. Nyanya alisikiliza, halafu akasema, "Hiyo sauti si ya mwanangu. Mwanangu haongei kama amejaza uji mdomoni." Baba akamwambia mambo ya utotoni, vitu anajua yeye peke yake. Nyanya akasema, "Mtu mgonjwa anaweza kuongea akiwa amelala. Nitaamini nikisikia kiatu chako kikishuka kwa yale mawe."

Yale mawe ni njia ya kutoka barabarani hadi kwake. Ni ngazi ya mawe, na kila mtu wa familia akishuka nyanya anamjua kwa mlio. Baba alimuuliza ndugu yake, Baba Mdogo Mwadime, kutoka barabarani mpaka mlangoni ni hatua ngapi. Akaenda akahesabu, akasema ni mia tatu na kidogo. Baba akafikiria siku mbili. Akasema, "Mia tatu za mlima ni mia tano za Munyaka. Nikifika mia tano, twende. Sitaki kubebwa. Kwetu anayeshushwa pale akiwa amebebwa ni maiti peke yake."

Mimi nikafanya hesabu yangu. Mbili kwa siku, na siku zingine anagonjeka anarudi nyuma. Niliona maisha yangu yote nikizunguka choo ya ploti.

Karibu na mia moja, siku moja nilikuwa kwa simu, mnanitumia picha za birthday ya Chebet. Baba akashika kamba, akauliza, "Ngapi?" Sikuwa najua. Nikasema, "Mia na kumi." Uso wake ulifunguka. Jioni alimwambia Mama, na Mama akakimbia kununua nyama. Tulikula tukicheka. Nikaona, kwani kuna ubaya gani, mtu akiambiwa amefika mbali si atajikaza.

Kutoka hapo nilikuwa nasema tu. Mia na thelathini. Mia mbili. Siku zingine nilikuwa naketi kwa ndoo anapita mbele yangu nikiangalia simu. Daftari nikaanza kujaza Jumapili, wiki nzima mara moja. Siku niliandika mia tano, Baba alivua kofia akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Bila wewe singefika." Kisha akaenda kupaka viatu rangi.

Eldoret hadi Nakuru

Tuliondoka asubuhi kwa bus. Mama alibaki na kibanda chake cha mboga, akatufungia chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwa jirani. Baba alivaa koti la kiwanda na vile viatu vyeusi. Nilimweka karibu na dirisha.

Kiti cha ng'ambo alikaa mama mmoja Msomali, Mama Halima, ako na duka ya vitambaa mjini na alikuwa anaenda Nairobi kutafuta bidhaa. Ni mtu wa kuongea. Kabla ya Burnt Forest alikuwa amejua jina la nyanya yangu na mimi nimejua watoto wake sita.

Timboroa tukasimama. Lori ya viazi ilikuwa imelala katikati ya barabara, viazi zimejaa kwa mtaro. Baridi ya huko mnaijua. Tulikaa masaa mawili. Watu walishuka, wengine wakaokota viazi, dereva wa lori amekaa kwa jiwe amejifunika blanketi haambii mtu kitu. Nilikuwa nalalamika kila dakika. Baba akaniambia, "Kwani viazi zitajiokota kwa sababu umekasirika?"

Mama Halima akacheka. Akatoa sambusa kwa karatasi, zilikuwa bado na joto kidogo. "Mzee, kula. Huyu msichana wako ana moto."

"Huyu?" Baba akasema. Maneno yake yalikuwa yanatoka pole pole na Mama Halima alimngojea, hakummalizia sentensi kama watu hufanya. "Huyu ndiye amenifundisha kutembea. Mghoi, toa daftari, muonyeshe."

Nilisema iko chini ya mizigo. Akasema iko kwa mfuko wa jaketi yako. Nikaitoa.

Mama Halima alivaa miwani. Kurasa za kwanza alikuwa anafungua akitingisha kichwa, akisema mashallah, sita, nane, angalia hii. Halafu akapunguza mwendo. Alirudi nyuma kurasa mbili, akaenda mbele tena, akapitisha kidole kwa mstari. Alifunga daftari akaipangusa kama imeingia vumbi.

"Mzee, umefanya kazi kubwa," akasema. Akanirudishia bila kuniangalia.

Nakuru, nyuma ya hoteli

Nakuru bus ilisimama watu wale na waende choo. Baba alibaki ndani. Mama Halima alinikuta kwa foleni ya kunawa mikono.

"Nimekaa duka miaka ishirini," akasema. "Nimeajiri wasichana wengi wa kuandika daftari. Najua ile imeandikwa kila siku na ile imeandikwa siku moja."

Nikasogea mbele kwa foleni. Akanifuata.

"Mwanzo yako ni ya kila siku. Kalamu tofauti, mkono umechoka, mkono umeamka. Halafu kutoka hapa mbele ni kalamu moja, na kila namba inaishia na sifuri. Mtu wa kweli hatembei sifuri kila siku."

"Nilikuwa namtia moyo."

"Sawa." Akajipangusa mikono na mtandio. "Huko mnaenda kuna nini?"

Nikamwambia. Mawe, nyanya, kiatu. Alisikiza yote, na foleni ikatupita.

"Mwambie kabla hamjafika," akasema. "Leo ataumia, lakini ameketi. Huko ataumia amesimama."

Nikasema nitamwambia Nairobi. Nilisema hivyo ili aniache, lakini pia niliamini.

Tulipofika Nairobi alimuaga Baba akimshika mkono na mikono yake miwili. Mimi akanifungia sambusa zilizobaki, akasema tu, "Usichelewe." Ni kesho yake jioni ndio nilijua hakuwa anaongea mambo ya treni.

Nairobi, stesheni

Tulilala lodging moja ya upande wa chini wa mji, chumba cha floor ya kwanza kwa sababu zile za chini zilijaa. Ngazi zilikuwa kumi na nane. Najua kwa sababu nilizihesabu, na ilikuwa mara ya kwanza kuhesabu hatua za Baba tangu mambo ya birthday. Alipofika juu alikuwa ametoa jasho. Akaniangalia akitabasamu, "Ngazi hainipendi." Nikafungua mdomo nimwambie. Jirani akawasha redio na mimi nikafunga mdomo, kama redio ndio ilikuwa imenikataza.

Asubuhi, stesheni ya treni. Wale hamjawahi kwenda, jueni kwamba kutoka mlango wa kwanza hadi kukaa kwa behewa ni safari ingine. Mnaweka mizigo chini kwa laini, mbwa inanusa, mnarudi nyuma, mnapita mashine, mnaenda ukumbi, mnangoja, mnatembea tena. Askari mmoja alikuja na kiti cha magurudumu.

"Mzee, keti nikusukume."

"Asante, kijana. Mimi ni mtu wa mia tano."

Askari akaniangalia mimi nimweleze. Nikasema, "Anataka kutembea."

Nikahesabu moyoni, kweli, moja moja. Mia na arobaini alianza kuburuta. Mia na tisini mkono ukanishika bega. Mia mbili na kumi na mbili akasimama katikati ya watu, magoti yakawa yanatetemeka ndani ya suruali, na watu wakawa wanatugawanya kama maji yakipita jiwe.

"Ngapi?" akauliza.

Hapo ndipo nilikuwa na nafasi nzuri kuliko zote. Alikuwa ameuliza yeye mwenyewe. Ningesema mia mbili na kumi na mbili, Baba, na hizi ndizo nimehesabu kweli.

"Sijahesabu," nikasema. "Kulikuwa na watu wengi."

"Ni uchovu wa jana," akasema. "Ile baridi ya viazi."

"Ndio. Ni safari."

Yule askari hakuwa ameenda mbali. Alileta kiti na Baba akakaa bila kubishana. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kwa treni hadi Voi

Alilala karibu njia yote. Mimi nilikuwa naangalia nje, nyasi, tena nyasi, ndovu wekundu kwa vumbi mara moja na watu wote wakakimbilia upande mmoja na simu. Sikumwamsha Baba. Niliandika kwa karatasi ya chapati vile nitamwambia. Niliandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na sababu nyingi sana, ya pili pia. Ya tatu ilikuwa, "Baba nilikudanganya namba." Hiyo niliikunja nikaweka kwa mfuko.

Alipoamka alikula yai. Akasema, "Ukifika pale juu utasikia maji kabla uone nyumba. Mama anakaa mlangoni. Mimi nikiwa mdogo nikitoka shule alikuwa anaita jina langu nikiwa bado kwa jiwe la tatu, hajaniona. Nilifikiri ni uchawi." Akacheka na upande mmoja wa mdomo. "Nimefanya mazoezi ya kuinua huu wa kushoto. Umeona? Asisikie nikiburuta."

Nilikuwa nimeona. Kila asubuhi, kwa miezi, alikuwa anainua huo mguu juu kupita kiasi, kama mtu anavuka mtaro, ili usikwaruze chini. Mimi nilikuwa naona ni kuchelewesha.

Voi, kungoja gari

Joto la Voi lilitukuta na sweta zenu. Gari ndogo ya Probox ambayo Baba Mdogo alitutumia ilichelewa, mvua imenyesha mlimani na udongo umeshuka barabarani. Tulikaa kwa hoteli ndogo karibu na stage, Baba kwa benchi ya ukuta.

Nikamwambia mama wa hoteli, "Leta chai mbili na mandazi."

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Nilete? Mimi umeniajiri lini?"

Nikashangaa. Kwetu si tunasema tu hivyo. Nikasema, "Si ni kazi yako?" Hapo nikaharibu kabisa. Aliweka mikono kiunoni akamwita mwenzake jikoni, "Njoo usikie Kiswahili cha bara." Watu wakaanza kucheka, na mimi nikaanza kukasirika.

Baba akasema kutoka ukutani, pole pole, "Mama, tuwie radhi. Tunaomba chai. Huyu alizaliwa Eldoret, huko watu hukimbia."

Mama alilainika papo hapo. Alileta chai yenye tangawizi na mahamri, na kimanga kwa sahani, muhogo na maharagwe yaliyopondwa, hakukubali tulipie hicho. "Mzee ni wa kwetu, kumbe. Mwanangu, huku tunaomba. Kuomba si kupoteza wakati." Baba alikula kimanga amefumba macho.

Tulingoja karibu masaa matatu. Karatasi ilikuwa kwa mfuko. Niliigusa mara nyingi mpaka ikawa laini kama kitambaa. Kila mara nilikuwa nasema, acha amalize kula. Acha apumzike. Acha kwanza gari ije. Mimi mtu siwezi kungoja foleni ya chapati, siku hiyo niliweza kungoja kila kitu.

Kupanda mlima

Probox ilikuja na sisi tukawa peke yetu ndani, na gunia la mbolea. Dereva alikuwa jamaa mpole, anapiga honi kila kona. Baada ya Mwatate barabara inaanza kujizungusha na masikio yanaziba. Baridi ikarudi. Nikaona mashamba yamekatwa kama ngazi, mawe, migomba, ukungu unakaa juu ya paa za watu.

Nilisema, "Baba, tukifika, si hata ukikalia kiti ni sawa? Nyanya atafurahi tu."

"Mghoi, nimefanya mwaka mzima."

"Najua, lakini kama umechoka."

"Unaogopa nini wewe?" Aligeuka akaniangalia vizuri. "Si daftari iko hapo? Sisi tumefika mia tano. Hizi ni mia tatu."

Alisema sisi. Dereva akapiga honi. Nikasema, "Ni kweli, Baba."

Kutoka barabarani hadi mlangoni

Baba Mdogo Mwadime alikuwa barabarani na wanaume watatu wa jirani. Walikuwa wamebeba kiti cha mbao chenye mikono, na Baba alipokiona alisema, "Hicho ni cha nani?"

"Ni cha kupumzikia tu, kaka," Baba Mdogo akasema. "Mama tumemwambia unakuja. Amekaa mlangoni tangu saa nane. Amekataa hata redio kuwashwa."

Ilikuwa inaenda saa kumi na moja. Mvua ilikuwa imeisha, mawe yameoshwa safi. Nyumba ilionekana chini, paa la mabati na moshi. Maji yalisikika kwanza, vile alivyosema. Baba alijipangusa viatu na kitambaa. Akaweka mkono wa kulia kwa bega la Baba Mdogo, na mimi nikawa nyuma, pahali pangu.

Nilihesabu. Hamsini za kwanza zilikuwa nzuri, nawaambia ukweli. Kiatu kiligonga jiwe, kikainuka, kikagonga. Mguu wa kushoto haukuburuta hata mara moja. Nilianza kuamini. Nikafikiri labda Mungu amefunga macho kwa makosa yangu.

Tisini akasimama. Akaendelea. Mia na ishirini akakaa kwa jiwe, tukangoja, akasimama. Njia inashuka halafu inapanda kidogo halafu inashuka tena, na kupanda ndiko kulimmaliza. Mia na hamsini na nane alinigeukia. Uso umekuwa wa majivu.

"Tumebakisha?"

"Karibu nusu," Baba Mdogo akajibu.

Mia na sabini na moja. Mguu wa kushoto ulilala kabisa. Aliuvuta na mkono, akashika suruali kwa goti akaivuta, hivyo, hatua mbili. Mia na sabini na tatu akaanguka kwa upande, Baba Mdogo akamdaka.

"Niacheni nikae," akasema. "Nitaamka." Tulingoja. Alijaribu mara mbili. Ukungu ulikuwa unashuka na alikuwa anatetemeka. Baba Mdogo alisema kwa sauti ya chini, "Kaka, giza litatukuta hapa." Baba aliangalia paa la nyumba kule chini. Walimwinua wakamweka kwa kiti, wanaume wanne, kila mmoja mguu wake wa kiti, na ili kiti kisiyumbe kwa ngazi wakashuka hatua moja pamoja. Mguu mmoja wote, halafu mwingine wote.

Fikirini huo mlio kwa mtu asiyeona. Wanaume wanne, uzito katikati, hakuna anayeongea.

Kiatu cha Baba hakikuwa chini tena.

Nyanya alianza kulia kabla tufike kwa migomba. Si kulia kwa machozi, ni ile ya msiba, ya kuita majirani. Na majirani wakajibu, mlango mmoja, mwingine, upande wa pili wa bonde. Baba alikuwa anaita, "Mama. Mama, ni mimi," lakini uchovu ulikuwa umemaliza ulimi, na ilitoka kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Baba Mdogo akapaza sauti, "Mama, ako hai." Nyanya hakusikia. Alikuwa ameketi chini mlangoni, kitambaa cha kichwa kimeanguka, anapiga paja na mkono.

Waliweka kiti mbele yake. Baba akachukua mkono wa nyanya akauweka usoni kwake. Ilichukua muda. Watu walikuwa wamejaa uani wakilia, wengine wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. Nyanya alipapasa uso, bega, akashuka mpaka kwa viatu. Akashika kile cha kushoto akakaa nacho.

"Mbona umekuja kama maiti?" akauliza.

Baba akasema, na hiyo ilitoka wazi, "Nilidhani nimefika mia tano."

Halafu akaniangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza, kama vile huuliza akishika kamba ya nguo.

Siku tisa kwa nyanya, na kurudi

Nilimwambia asubuhi, jikoni, tukiwa wawili. Ile karatasi sikuitumia. Nilisema, "Baba, sikuwa nahesabu."

Alikoroga uji muda mrefu. "Tangu lini?"

"Tangu mia moja."

"Sasa zile za Munyaka kweli zilikuwa ngapi?"

"Sijui, Baba."

"Hujui."

"Sijui."

Hapo ndipo pananiuma mpaka leo. Kama ningekuwa na namba ndogo ya kweli ningempa, hata mia na tisini, ingekuwa yake. Yule mtu aliamka kila siku akaongeza mbili, kweli aliziongeza, mguu unaonyesha, na hakuna mahali popote zimeandikwa. Nilikuwa nafikiri nimempa hatua za bure. Kumbe nilichukua zile zake.

Hakunipigia kelele. Alisema, "Uji umepoa," akanywa.

Nyanya alimwamini sasa kwamba ako hai, maana alikuwa anamshika. Lakini siku zote tisa aliamka usiku akiuliza kama mwanawe bado anapumua. Baba alikuwa anatembea uani asubuhi, Baba Mdogo akihesabu, na nyanya amekaa mlangoni ametega sikio. Siku moja akasema, "Wa kushoto unaburuta." Baba akasema, "Najua, Mama. Ulikuwa umeacha kuburuta." Nyanya akasema atangoja. Ni mzee sana, nimewaambia. Siku ya kuondoka Baba alipandishwa kwa kile kiti, na nyanya aliomba wale wanaume waongee njiani, wacheke, wafanye kelele yoyote, asisikie miguu.

Njia ya kurudi sina mengi. Voi niliomba chai. Nairobi tulipata chumba cha chini. Timboroa barabara ilikuwa wazi, viazi zimeokotwa zote.

Nilienda dukani kwa Mama Halima wiki iliyopita kumwambia. Alinisikiza akipima kitambaa cha mteja, hakusema "nilikuambia." Alinipatia daftari mpya kutoka kwa rafu yake, akarudi kupima.

Sasa tunazunguka ploti tena. Daftari ya bluu Baba ameiweka juu ya kabati, hajaitupa na hajaifungua. Mguu uliumia kwa yale mawe, kwa hivyo tulianza chini. Jana alitoka mlangoni, akapita tangi la maji, akashika kamba ya nguo. Nilikuwa nimezihesabu kwa sauti ya chini, na simu yangu iko kwa Mama.

"Ngapi?" akauliza.

"Arobaini na moja."

Akaangalia tulikotoka.

"Una hakika?"

Nikasema nina hakika. Alifikiria kidogo. Halafu akageuka, akashika bega langu, akarudi mpaka mlangoni, na tukaanza tena na moja.